Kuendesha kikundi cha wazazi wanaoacha unga na pombe: mwongozo kamili

Dada mmoja aliingia kwenye kikao chetu cha kwanza, akavuta kiti cha karibu kabisa na mlango, na salamu hazijaisha akauliza: "Mtawaambia Ustawi?" Hakuuliza kama tunatoa dawa, wala kama kuna nauli. Alikuwa na mtoto wa darasa la pili anayelelewa na bibi yake Mbagala, na hofu yake yote ilikuwa hapo: kwamba ofisi ya ustawi wa jamii itamnyang'anya mtoto.

Swali lile ndilo linalokitofautisha kikundi cha wazazi na vikundi vingine. Kijana asiye na mtoto akija kikundini huzungumzia arosto (mateso ya mwili ya kuacha), kijiwe, marafiki, kazi. Mzazi ana hayo yote, na juu yake amebeba jambo analolionea aibu kuliko unga wenyewe, yaani heroini: mtoto aliyelala njaa, hela ya daftari iliyoishia kwenye kete, mahafali ya chekechea ambayo hakutokea. Nimeshuhudia watu wengi wakirudi kijiweni, na mara nyingi walirudishwa na aibu ya aina hiyo, iliyowakuta Jumapili jioni hawana pa kuipeleka. Ndiyo maana, baada ya miaka kadhaa ya kuendesha vikundi hivi Dar es Salaam, kazi ya mwezeshaji naiona hivi: kuichukua aibu hiyo na kuikatakata iwe kazi ndogo ndogo ambazo mzazi anaweza kuzifanya kabla ya Alhamisi ijayo. Yaliyobaki hapa chini yote yanatumikia hilo.

Kabla ya kufungua mlango

Kikundi si matibabu, na ukisahau hilo unaweza kuua mtu. Mtu anayekunywa gongo au pombe kali kila siku tangu asubuhi, akiacha ghafla kwa sababu kikundi kimemtia moyo, anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa akili ndani ya siku mbili tatu, na wapo wanaokufa. Arosto ya unga inatesa, lakini kwa mtu mzima mwenye afya si kawaida kumuua. Ya pombe inaua. Mtaani watu wanaamini kinyume chake. Vidonge vya usingizi navyo, kama valiamu, haviachwi kwa siku moja.

Mjamzito anayetumia unga asihimizwe kuacha ghafla peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 unashauri wajawazito wa namna hiyo wapewe methadoni au buprenofini, dawa za hospitali zinazochukua nafasi ya unga, mahali zinapopatikana, badala ya kukatishwa tu. Ni jambo litakalokuletea ubishi kikundini, kwa hiyo lijue mapema.

Tafuta watu watatu: muuguzi wa kliniki ya methadoni, daktari au tabibu wa hospitali iliyo karibu, na afisa ustawi wa jamii. Usiishie kuchukua namba zao za simu. Nenda ukawaone, ujitambulishe, uwaeleze unachofanya. Tanzania Bara methadoni ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na sasa ipo hata mikoani. Zanzibar ipo Kidongo Chekundu. Kenya ipo Mathari jijini Nairobi, na pwani ipo Malindi na Kisauni. Kama mahali pako hakuna kliniki, ujue walau ile ya karibu iko wapi na basi lake ni nauli gani, maana hilo ndilo swali utakaloulizwa.

Huyo afisa ustawi mwone kabla hujawa na shida naye. Siku utakayolazimika kumpigia, itakusaidia sana kama anakujua kwa sura na anajua kwamba hukumpigia kumshtaki mtu.

Kupata watu, na kuwauliza jina

Bango lenye maneno "waathirika wa dawa za kulevya" halileti mzazi hata mmoja. Wazazi hupatikana kwenye foleni ya dirisha la dozi ya methadoni, kwenye soba hausi (nyumba za kuachia dawa), kwa waelimishaji rika wanaozunguka vijiweni, na kliniki ya mama na mtoto. Mwombe mtu wanayemwamini akutambulishe, kisha zungumza na kila mmoja peke yake, dakika kumi na tano hazizidi.

Katika mazungumzo hayo nataka kujua: una watoto wangapi na wanaishi wapi sasa hivi? Nani anawalea? Unatumia nini, au uliacha lini? Uko kwenye methadoni? Kuna mtu nyumbani anayekupiga? Umewahi kutaka kujiua? Swali la mwisho watu wengi huliogopa. Kuliuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na ukilikwepa unamwacha nalo peke yake.

Halafu kuna swali linaloonekana dogo: hapa tukuite nani?

Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto. Ni heshima. Lakini fikiria mama ambaye mtoto wake amechukuliwa na shangazi miaka miwili iliyopita, nawe kila dakika tano unamwita Mama Salma. Mmoja aliniambia ni kama kuchomwa sindano mahali pamoja. Mwingine alisisitiza aitwe hivyo hivyo, kwa sababu mtaani kwao walikuwa wanamwita teja tu na hakuna aliyekumbuka kwamba ana mtoto. Pia jina la mtoto linamtambulisha mtu haraka kuliko jina lake mwenyewe: kina Asha ni wengi, ila Mama Salma wa mtaa fulani ni mmoja. Basi muulize, uandike anachotaka, na uhakikishe wengine wanafuata. Akibadilisha katikati ya safari, andika tarehe. Mara nyingi siku hiyo ina maana yake.

Watu nane hadi kumi na wawili wanatosha. Chini ya watano, mmoja akikosa kila mtu anajiona anasailiwa. Juu ya kumi na wawili wapole hawatafika zamu yao. Mume na mke wasikae kikundi kimoja. Na kina mama nawashauri waanze peke yao: wengi walipata hela ya unga kwa njia wasizoweza kuzisema mbele ya mwanaume, hata awe mpole namna gani. Kina baba nao wakiwa peke yao husema mambo ambayo mbele ya wanawake wangeyageuza utani. Nimejaribu kuchanganya mara mbili, na mara zote mbili kina mama walinyamaza kufikia wiki ya tatu.

Mahali, saa, na watoto wenyewe

Chumba kisiwe ofisi ya serikali ya mtaa, ambako kila anayeingia anaonwa na mjumbe. Kisiwe kwenye njia inayopita kijiweni. Darasa la madrasa siku isiyo na masomo, ukumbi mdogo wa kanisa, chumba cha nyuma cha zahanati: vyote vinafaa, alimradi wa imani nyingine wasione aibu kuingia. Viti vikae duara. Mtu asikae nyuma ya meza, wewe ukiwa wa kwanza.

Sisi hukaa Alhamisi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tano na nusu. Dozi ya methadoni hunywewa dirishani mbele ya muuguzi asubuhi, kwa hiyo kufikia saa nne wameshakunywa na hawana wasiwasi wa kuikosa. Na saa tano na nusu ni mapema kiasi cha kumwahi mtoto wa darasa la kwanza akitoka shule. Kikao cha jioni ni kibaya kwa wazazi. Jioni ndipo kuna moto wa kupika, na ndipo kijiwe kinapochangamka.

Watoto watakuja, hilo halikwepeki. Anayenyonya akae mapajani kwa mama yake. Aliyeshaanza kuelewa maneno asiwepo ndani wakati mama yake anasimulia alivyouza sufuria za nyumbani. Tafuta chumba cha pili au kivuli cha mwembe na mtu mmoja mzima wa kukaa nao, asiyekuwa mshiriki, aliyeulizwa habari zake na kuthibitishwa. Mkeka, kalamu za rangi, uji. Kama huna mtu huyo, ahirisha kuanza mpaka umpate. Nauli na chai si anasa: bila nauli wa mbali hawaji, na chapati moja ya saa nne ndicho chakula cha kwanza kwa baadhi yao.

Kanuni, na siri yenye mipaka

Kanuni ziandikwe na washiriki siku ya kwanza, kwa maneno yao. Zitakuja zenyewe: simu zizimwe, anayezungumza asikatizwe, ya hapa yabaki hapa, mtu asije amelewa. Wewe una mbili za kuongeza. Ya kwanza: hakuna kukopeshana. Ya pili nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndilo jibu la yule dada wa kiti cha mlangoni.

Usiahidi siri yote. Ni ahadi usiyoweza kuitimiza, na watu hawa wameshavunjiwa ahadi nyingi. Sema wazi kabla mtu yeyote hajafungua mdomo: "Utakachosema hapa hakitatoka, ila mambo matatu. Ukiniambia mtoto anaumizwa au yuko hatarini, ukiniambia unataka kujiua, au ukiniambia unataka kumdhuru mtu, sitakaa nalo peke yangu. Nitakwambia wewe kwanza, na tutakwenda pamoja." Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, Kenya wana Sheria ya Watoto ya 2022. Namba 116 ya kusaidia watoto inafanya kazi nchi zote mbili.

Kisha uwaeleze upande wa pili, maana hapo ndipo hofu ilipo. Kuwahi kutumia dawa si sawa na kumtelekeza mtoto. Kuwa kwenye methadoni si kosa. Mzazi anayekuja kikundini kila wiki hapotezi mtoto kwa kuja. Mara nyingi mahudhurio yake ndiyo kitu pekee anachoweza kukionyesha akiitwa. Nilimjibu yule dada hivyo hivyo. Hakusema kitu, lakini wiki iliyofuata alisogea kiti kimoja.

Kikao chenyewe, dakika tisini

Dakika kumi za mwanzo ni chai na kukaa. Usizifute hata mkichelewa. Hapo ndipo unapoona nani hakulala, nani ana jeraha jipya, nani kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Dakika ishirini ni za mzunguko. Kila mtu anataja jina lake, anasema ile kazi ndogo ya wiki iliyopita ilikwendaje, na wiki hii imekuwaje kwa neno moja au sentensi mbili. Anayetaka kuruka zamu anaruka. Hakuna anayepigiwa makofi kwa kufanikiwa, kwa sababu ukipiga makofi, aliyeshindwa wiki ijayo haji. Kichwa kinachoinama kikisema "nimefanya" kinatosha.

Dakika arobaini ni za mada ya siku, na hapa ndipo mwezeshaji mpya huharibu kwa kuhubiri. Watu hawa wameshahubiriwa na mashehe, wachungaji, mama zao na polisi. Leta swali moja tu. "Mtoto wako anajua nini?" "Jioni kwako ikoje, kuanzia saa kumi na mbili?" Kisha nyamaza. Kimya cha dakika nzima kinachosha, lakini ukikivumilia atatokea mtu.

Nikupe mfano, nikiwa nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha mwenyewe. Mama mmoja alisema: "Nilikwenda kwa mama juzi. Mwanangu akanifungulia mlango, akageuka ndani akaita, 'Mama, dada amekuja.' Mama ndiyo bibi yake. Mimi ndiyo dada."

Watu walishusha pumzi. Mmoja akasema, mshukuru Mungu hata anakufungulia mlango. Mwingine akasema, mimi ningemwambia ukweli palepale. Hayo ni majibu ya watu wema wanaotaka maumivu yapite haraka. Nikasema, "Ngojeni kidogo, mwenzetu hajamaliza," nikamgeukia: "Ukafanya nini?"

"Nikaingia, nikaosha vyombo."

"Naye?"

"Akakaa kizingitini ananiangalia."

Tukakaa hapo. Kizingitini, mtoto anamwangalia mtu anayeosha vyombo. Kikundi kikaanza kuuliza badala ya kushauri: alikuangalia kwa muda gani, alisema nini, ulimuaga vipi? Alipoulizwa wiki hii anataka kufanya nini, alisema anataka kumwambia mtoto "mimi ndiye mama yako." Nikamuuliza ni nani atakayebaki na mtoto huyo usiku ule baada ya kumwambia. Akafikiri. Mwishowe aliondoka na hili: kila Jumatano saa kumi atakuwepo, atafua sare za shule, ataondoka saa kumi na mbili, hataahidi kitu. Mpaka kikundi kile kinamaliza wiki zake, mtoto alikuwa bado anamwita dada. Ila Jumatano sare alikuwa anaziweka kwenye beseni mwenyewe.

Dakika kumi na tano ni za hiyo kazi ndogo, kwa kila mtu. Ipime kwa vitu vinne: ina siku na saa, inafanyika hata kama bibi au mzazi mwenzake amenuna, haidai hela ambayo mtu hana, na akishindwa, mtoto hatajua kwamba kulikuwa na kitu. Hicho cha mwisho ndicho kigumu kukielewa. Mtoto wa mtu wa unga ameahidiwa baiskeli, sikukuu na viatu. Kazi ya wiki asiambiwe. Aione tu ikifanyika. "Nitakuwa baba bora" haifai. "Jumatatu na Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nitamwandalia chai kabla ya shule" inafaa.

Dakika tano za mwisho ni za kufunga, na namna ya kufunga iwe ile ile kila wiki. Sisi husimama, kila mmoja anasema anakwenda wapi akitoka hapo. "Nakwenda sokoni." "Nakwenda kumchukua mtoto." Asiyejua anakwenda wapi, mwezeshaji msaidizi anabaki naye.

Wiki kumi na mbili za kuanzia

Wiki mbili za kwanza ni za kufahamiana na kanuni. Zinazofuata hupangwa kufuatana na kikundi, ila kuna mada ambazo sijawahi kuziacha.

Kumwambia mtoto ukweli huchukua vikao viwili. Wa miaka minne anatosheka na "Mama alikuwa mgonjwa, sasa anakunywa dawa, na si wewe uliyenifanya niumwe." Sentensi hiyo ya mwisho irudiwe, kwani watoto wadogo huamini wao ndio chanzo. Wa miaka kumi anajua jina la unga na anamjua anayeuza. Kumdanganya ni kumwonyesha kwamba bado unadanganya. Kijana wa miaka kumi na tano hataki maelezo, anataka kuuliza na kukasirika, na mzazi anatakiwa kukaa akasikiliza bila kulia sana, maana mzazi akilia mtoto ndiye anayegeuka mbembelezaji, kazi ambayo ameshaifanya miaka mingi. Zoezeni kwa kuigiza, mmoja awe mtoto. Mtacheka, na kicheko kinasaidia.

Methadoni na maziwa. Mama mkwe atasema, "Unamnyonyesha mtoto madawa." Mwalike muuguzi wa kliniki aeleze mwenyewe kwamba mama aliye kwenye methadoni kwa kawaida huhimizwa kunyonyesha, na kwamba kichanga anayetetemeka na kulia sana baada ya kuzaliwa anahitaji hospitali, kubebwa na kunyonyeshwa, wala si kufichwa. Anayeruhusiwa dozi ya kwenda nayo nyumbani aifungie kwa kufuli: kiasi kinachomtosha mtu mzima kinaweza kumuua mtoto, na mtoto huona chupa akadhani juisi.

Hela. Siku ya malipo, sikukuu ya Idi, Krismasi, mwezi Januari wenye michango ya shule. Kila kikundi lazima atokee mtu atakayesema "tuanzishe mchezo," yaani kuchanga hela na kupokeana kwa zamu, na wazo ni zuri, lakini si ndani ya wiki hizi kumi na mbili. Siku ya kupokea hela za mchezo ni siku ya hatari kwa mtu aliyezoea kugeuza kila noti kuwa kete, na akikimbia na hela za wenzake amepoteza kikundi pia.

Kisha bibi. Ukitaka kujua mlango wa mtoto unafunguliwa na nani, ni bibi. Ndiye aliyeuza kitenge kulipia daftari, ndiye aliyeibiwa redio, na ana hasira ya haki. Niliwahi kuwaalika bibi na binti zao chumba kimoja, nikidhani wataelewana. Dakika kumi hazikuisha ikawa baraza la kesi, kila bibi na orodha ya vilivyoibwa, na binti wawili wakatoka nje wasirudi wiki nzima. Kosa langu. Sasa bibi tunawaita peke yao, wiki ya sita, kwa chai ya heshima. Tunawashukuru kwanza, tunawaacha waseme yote, halafu tunawaeleza dozi ni nini na kwa nini tunawaomba wasimwahidi binti mtoto wala wasimkatie tamaa mbele ya mtoto. Maamkizi yasisahaulike: kila bibi apewe shikamoo yake, mmoja mmoja. Bibi aliyeamkiwa vizuri husikiliza.

Yatakayotokea

Mtu atakuja anasinzia. Usimrukie. Aliyepandishiwa dozi ya methadoni juzi anaweza kusinzia saa chache baada ya kunywa. Mtoe nje taratibu, muulize amekunywa nini na saa ngapi. Kama amechanganya na pombe au vidonge, ni hatari, mpigie muuguzi. Kama amelewa tu, hakai kikaoni siku hiyo, ila haondoki peke yake na mtoto: mwezeshaji msaidizi anakaa naye au anampigia ndugu aliyemtaja siku ya usajili.

Mtu akishindwa kuamka, anakoroma kwa sauti ya ajabu, midomo inageuka rangi, usimwagie maji, usimnyweshe maziwa. Mwite jina kwa nguvu, msugue kifua katikati kwa vifundo vya vidole. Kama anapumua mlaze ubavu. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomo kwa mdomo huku mwenzako akitafuta gari. Kama kliniki yenu ina naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, omba mfundishwe kuitumia kabla haijahitajika.

Mtu atarudia. Methali yetu inasema kuteleza si kuanguka, na vikundi vingi vimeibandika ukutani. Kwetu niliibandua. Inamfariji mnywa bia, lakini mtu aliyekaa miezi minne bila unga mwili wake umeshasahau kile kipimo cha zamani. Akirudi akatumia kiasi kile kile, mara moja inatosha kumuua. Kwa hiyo tunasema hivi: ukiteleza usitumie ukiwa peke yako, mpigie mtu, na njoo Alhamisi hata kama umetumia Jumatano. Wakati wa usajili kila mzazi anaandika jina la mtu atakayemchukua mtoto usiku wa namna hiyo, na mtu huyo anaulizwa akubali. Ni karatasi moja. Imewahi kutusaidia kuliko mada zote.

Mtu atasema jambo la mtoto kuumizwa. Usiulize maswali mengi mbele ya watu, wala usianze upelelezi. Mshukuru, kamilisha kikao, kaa naye, mkumbushe yale mambo matatu ya siku ya kwanza, kisha mpigieni afisa ustawi pamoja, yeye akiwa anakusikia unavyosema. Tanzania lipo pia dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Wenzake kikundini wataona kama uliwasaliti au ulitimiza ulichosema, na hatima ya kikundi iko hapo.

Baba mmoja atachukua nusu ya muda wa kila kikao. Mpe kazi ya kushika saa.

Wewe na daftari lako

Waendeshaji wawe wawili. Inafaa mmoja awe amepita njia hiyo na mwingine asiwe. Aliyepita anaaminiwa haraka, lakini naye anaguswa haraka. Nami nimo kundini humo, na zipo Alhamisi nilizomwachia mwenzangu kikao nikatoka nje. Baada ya kila kikao kaeni dakika kumi na tano: nani hakuzungumza, nani tumpigie, mimi nimebeba nini. Kama uko kwenye vikao vya NA (Narcotics Anonymous, vikundi vya walioacha dawa) au una mtu wako wa kukuongoza, usiviache kwa sababu sasa wewe ni mwezeshaji. Namba ya simu ya kikundi iwe laini ya pekee yenye saa zake; usiku waelekeze hospitali, na kwa Kenya ipo 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Daftari liwe na jina walilochagua, tarehe, na kazi ndogo. Majina kamili na makazi yakae kwenye karatasi nyingine, kabati lenye kufuli. Mfadhili akitaka picha, piga picha ya viti.

Alhamisi ya kwanza huenda wakaja wawili, au mmoja na mtoto wake. Chemsha chai ya watu kumi hivyo hivyo, panga viti vyote duara, anza saa nne kamili, na uendeshe dakika zote tisini.